Anasoma Bila Kukwama, Lakini Haelewi Anachosoma

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, mwanafunzi anayesimama mbele ya wenzake na kusoma aya nzima kwa sauti bila kukwama huhesabiwa kuwa msomaji mzuri, ilhali mwalimu huyohuyo aliyempongeza, anaposahihisha zoezi la ufahamu, hukuta kwamba mwanafunzi amenakili sentensi isiyojibu swali, ameacha wazi nafasi iliyohitaji maelezo, au ameandika jambo lisilohusiana kabisa na habari aliyoisoma. Mara nyingi kosa hilo huitwa uvivu au uzembe, na dawa inayotolewa ni kumwambia mwanafunzi asome tena kwa makini. Dawa hiyo haimsaidii, kwa sababu mtu hawezi kufanya kwa makini jambo ambalo hajafundishwa namna ya kulifanya. Ufahamu, yaani uwezo wa kujenga maana kutokana na maandishi, ni stadi inayofundishika, na wanafunzi wengi wanaoshindwa nayo hawajawahi kufundishwa. Wamepimwa tu, tena na tena.

Msingi wa kulielewa tatizo hili uliwekwa vizuri mwaka 1986, wakati wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walipopendekeza nadharia ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa mtazamo sahili wa usomaji. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, usomaji wenye uelewa ni zao la mambo mawili: usimbuaji, yaani kuzigeuza herufi zilizoandikwa kuwa sauti na maneno, na uelewa wa lugha, yaani kuifahamu lugha hiyohiyo inaposemwa. Wataalamu hao hawakuyajumlisha mambo hayo bali waliyazidisha, na tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa katika kuzidisha, upande mmoja ukiwa sifuri jibu nalo huwa sifuri, hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani. Mtoto anayeijua lugha barabara lakini hatambui herufi hasomi. Na mtoto anayetamka kila neno lakini haijui lugha ya kitabu naye hasomi, ingawa sauti yake inaweza kuwadanganya wanaomsikiliza.

Watu wa pwani wanaijua tofauti hii tangu zamani. Mtoto wa chuo cha Kurani huko Lamu, Unguja au Tanga huweza kuihitimu Kurani nzima kwa matamshi yanayofuata kanuni za tajwidi, ambazo ni kanuni za kutamka kila herufi kwa haki yake, kabla hajajifunza Kiarabu kama lugha. Elimu hiyo ina lengo lake na heshima yake, na wanaoisimamia wanajua fika kwamba maana hufundishwa kwa wakati wake, katika darasa la tafsiri, na mwalimu aliyejiandaa kwa kazi hiyo. Hakuna anayetarajia kwamba maana itakuja yenyewe kwa sababu matamshi yamekamilika. Shule za kawaida ndizo zilizoisahau tofauti hiyo, zikadhani kwamba mtoto akishajua kuunganisha silabi, ufahamu utafuata.

Kwa wasomaji wa Kiswahili hatari ya kudhani hivyo ni kubwa kuliko kwa wasomaji wa lugha kama Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na yanavyotamkwa, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu aliyezimudu silabi huweza kutamka maneno kama ubadhirifu, mkanganyiko au usanisinuru bila kukosea, hata kama hajawahi kuyasikia. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza akikutana na neno geni mara nyingi hulitamka vibaya, na kosa hilo humwashiria mwalimu kwamba neno halifahamiki. Mwanafunzi anayesoma Kiswahili hulitamka vizuri, darasa likaendelea, na pengo likabaki limefichika hadi siku ya mtihani.

Namna zoezi la ufahamu linavyoendeshwa huchangia kulificha pengo hilo. Kwa kawaida darasa husoma kifungu, maswali huandikwa ubaoni, wanafunzi hujibu madaftarini, na mwalimu husahihisha. Maswali mengi huwa ni ya kuokota, yaani jibu lake limo ndani ya sentensi moja na linaweza kunakiliwa lilivyo. Udhaifu wa maswali hayo unaonekana wazi katika sentensi iliyoundwa kwa maneno yasiyokuwapo, kwa mfano: Vidonzo vilipemka katika mgusho kwa sababu lipari lilikuwa limefweka. Mtu yeyote ajuaye Kiswahili anaweza kuulizwa vidonzo vilipemka wapi, akajibu kwamba vilipemka katika mgusho. Na akiulizwa kwa nini, akajibu kwamba ni kwa sababu lipari lilikuwa limefweka. Amepata alama zote, na hakuna alichokielewa, kwa kuwa upatanisho wa ngeli na kiunganishi vimemwongoza hadi kwenye jibu. Mwanafunzi anayefaulu maswali ya aina hii kwa miaka saba hufika kidato cha kwanza akiamini kwamba huko ndiko kuelewa.

Tatizo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Dolores Durkin aliingia katika madarasa ya nne ya nchi yake ili kuona ufahamu unavyofundishwa, na kati ya dakika 4,469 za vipindi vya kusoma vilivyochunguzwa, ni dakika 20 tu zilizotumika kufundisha ufahamu wenyewe. Muda mwingine ulikwenda katika kuuliza maswali, kugawa mazoezi na kuyasahihisha. Utafiti huo uliwashtua walimu wengi, na kutokana na mshtuko huo ndipo zilipozaliwa mbinu nyingi zinazoelezwa katika makala haya.

Kabla ya kumsaidia mwanafunzi, ni lazima kujua anakwamia wapi, na nadharia ya Gough na Tunmer inatoa njia nyepesi isiyohitaji vifaa. Mwalimu au mzazi huchagua vifungu viwili vyenye ugumu unaolingana; cha kwanza mwanafunzi hukisoma mwenyewe na kuulizwa maswali, cha pili husomewa kwa sauti na kuulizwa maswali ya aina ileile. Mwanafunzi akielewa alichosomewa lakini asielewe alichokisoma mwenyewe, lugha anayo, na kikwazo chake kipo katika usimbuaji. Huyo anahitaji kurudishwa kwenye silabi na maneno kwa subira, na ikiwa shida haimwachi hata baada ya kufundishwa vizuri, achunguzwe macho, masikio, na uwezekano wa kuwa na disleksia, ambayo ni ugumu wa kuzaliwa nao katika kuhusisha herufi na sauti na wala si upungufu wa akili. Mwanafunzi asiyeelewa kwa njia zote mbili ana upungufu wa lugha, wa maarifa, au wa mbinu za kufikiri anaposoma, na kumrudisha kwenye a, e, i, o, u ni kumpotezea muda.

Kati ya makundi hayo wapo wanaosimbua maneno kwa usahihi lakini polepole mno. Akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, hivyo msomaji anayetumia nguvu zake zote kuunganisha silabi hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Wepesi wa kusoma una umuhimu, lakini viwango vya maneno kwa dakika vilivyowekwa kwa ajili ya Kiingereza havifai kuhamishwa vilivyo, kwa kuwa neno moja la Kiswahili kama hawajatuambia hubeba maana ambayo lugha nyingine huigawa katika maneno kadhaa. Mpango wa KKK nchini Tanzania, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uliotiliwa mkazo katika mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015, na mpango wa Tusome ulioanza nchini Kenya mwaka huohuo, yote iliweka juhudi kubwa katika hatua hii ya mwanzo, na ilistahili kufanya hivyo. Kinachohitajika sasa ni juhudi ya kiasi hichohicho katika hatua inayofuata.

Jambo la kwanza katika hatua hiyo ni maarifa ya msomaji kuhusu mada. Mwaka 1988, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani kifungu kinachosimulia mchezo wa besiboli, baada ya kuwagawa kulingana na uwezo wao wa kusoma na ujuzi wao wa mchezo huo. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikieleza kifungu vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa na kila anayetunga mtihani au kuchagua kifungu cha darasa, kwa sababu kile kinachoitwa udhaifu wa kusoma wakati mwingine ni ugeni wa mada tu.

Kifungu kifuatacho, kilichotungwa kwa ajili ya maelezo haya, kinaweza kulionyesha jambo hilo kwa mazingira ya hapa. Wingu jeusi lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa kusini. Mzee Hamadi hakusema neno; alipunguza tanga, akaigeuza ngalawa kuelekea pwani. Vijana wake wawili walitazamana, kisha wakautazama wavu uliokuwa bado mkavu. Hakuna mahali kifungu kinaposema kwamba dhoruba inakuja, kwamba mzee anaogopa chombo kisipinduke, wala kwamba vijana wamesikitika kurudi bila samaki. Mtoto wa Pemba atayajua yote hayo kabla hajamaliza kusoma; mtoto wa Dodoma, mwenye akili sawa na bidii sawa, atajiuliza wavu kuwa mkavu kuna ubaya gani. Mwalimu anayetumia dakika tano kabla ya kusoma kuzungumza na darasa kuhusu ngalawa, tanga na uvuvi hajawapa wanafunzi majibu, bali amewapa mahali pa kuyatia yale watakayoyasoma.

Kifungu hichohicho kinaonyesha jambo la pili, ambalo ni ung'amuzi, yaani kutambua jambo ambalo mwandishi hakulitaja kwa kuunganisha dalili zilizomo katika maandishi na maarifa aliyonayo msomaji. Wanafunzi wanaotatizwa na ufahamu huwa dhaifu hasa hapa, na watafiti wa Uingereza kama Jane Oakhill na Kate Cain wametumia miaka mingi kulionyesha hilo kwa watoto wanaosimbua vizuri. Ung'amuzi hufundishwa kwa kufikiri kwa sauti: mwalimu husoma sentensi, husimama, kisha hulieleza darasa jinsi anavyofikiri, kwamba wavu ni mkavu, wavu uliotumika huwa umelowa, basi hawa hawajavua kitu, na ndiyo maana wanatazamana. Mwanafunzi aliyezoea kuona majibu tu yakiandikwa ubaoni huona kwa mara ya kwanza jinsi jibu linavyopatikana. Vitendawili, ambavyo babu na bibi walivitega jioni, viliifundisha akili kazi hiyohiyo, kwa kuwa anayetega hutoa dalili chache na anayetegua hulazimika kukijua kisichotajwa. Ni hasara kwamba shuleni vimebaki kuwa mada ya fasihi simulizi ya kukariri aina na sifa zake.

Ung'amuzi wenyewe unategemea vijenzi vidogo vya lugha ambavyo msomaji mzoefu huvipita bila kuviona. Katika Kiswahili, viambishi ndivyo vinavyobeba uhusiano kati ya sentensi moja na nyingine, na mwanafunzi asiyevifuatilia hupotea. Sentensi isemayo kwamba Juma alimwambia Ali kuwa amechaguliwa inaweza kumaanisha kwamba Juma ndiye aliyechaguliwa au kwamba ni Ali, na ni sentensi zilizotangulia tu zinazoweza kuamua. Zoezi la kuchukua aya moja na kuuliza, kwa kila kiambishi, kinamrejelea nani au nini, kama vile lile li- katika lilianguka ni la jiwe au la gari, huzaa matunda haraka na halihitaji zaidi ya chaki. Vivyo hivyo kwa viunganishi. Maneno ilhali, licha ya, isipokuwa, maadamu na hata hivyo hugeuza mwelekeo wa hoja, na mwanafunzi anayeyaruka huelewa kinyume cha kilichosemwa. Kwa hiyo inafaa kumpa nusu ya sentensi inayoishia kwenye kiunganishi na kumtaka aikamilishe, kisha aeleze kwa nini ameikamilisha hivyo.

Kuhusu msamiati, desturi ya kuorodhesha maneno magumu pamoja na visawe vyake haitoshi, kwa sababu neno hukaa akilini linapokutwa mara nyingi katika matumizi tofauti. Kiswahili kinampa mwalimu nyenzo nzuri katika mnyambuliko, kwani mwanafunzi anayeijua mizizi ya maneno anaweza kutoka kwenye lima akafika kwenye mkulima, kilimo na limika bila kufungua kamusi.

Jambo jingine, ambalo ni gumu zaidi kuliona, ni kwamba msomaji dhaifu mara nyingi hajui kuwa hajaelewa. Mwaka 1979 Ellen Markman aliwapa wanafunzi wa shule ya msingi nchini Marekani habari zenye mgongano wa wazi, ikiwemo moja iliyosema kwamba chini kabisa baharini hakuna mwanga na bila mwanga rangi hazionekani, kisha ikasema kwamba samaki wa huko hukitambua chakula chao kwa rangi yake. Watoto wengi, hata wenye umri wa miaka 12, hawakuona tatizo lolote. Kujichunguza wakati wa kusoma, yaani kusimama na kujiuliza kama kilichosomwa kinaingia akilini na kinapatana na kilichotangulia, ni tabia inayojengwa kwa mazoezi. Mwalimu anaweza kuingiza makosa ya makusudi katika habari na kuwataka wanafunzi wayasake, na muhimu kuliko yote, anaweza kulifanya darasa kuwa mahali ambapo mwanafunzi anayesema kwamba hapo hakuelewa anashukuriwa badala ya kuchekwa.

Mbinu iliyoziunganisha stadi hizi kwa mafanikio makubwa ni ile iliyobuniwa na Annemarie Palincsar na Ann Brown, waliochapisha utafiti wao mwaka 1984, na ambayo inaweza kuitwa ufundishaji wa kupokezana. Waliofundishwa walikuwa wanafunzi wa darasa la saba waliosoma maneno vizuri lakini wakashindwa kuelewa, yaani walewale wanaozungumziwa hapa. Kikundi kidogo husoma kipande cha habari, kisha mmoja wao, akichukua nafasi ya mwalimu, hufupisha kilichosomwa, huuliza swali ambalo mwalimu angeliuliza, hufafanua neno au sehemu iliyotatiza, na hubashiri kitakachofuata. Kwenye kipande kingine mwenzake hushika nafasi hiyo. Mwanzoni mwalimu ndiye anayeongoza na kuonyesha mfano, baadaye hupunguza msaada wake kidogo kidogo kadiri wanafunzi wanavyozoea, kama mafundi wanavyoondoa jukwaa la ujenzi ukuta unapoweza kusimama peke yake. Mapitio ya tafiti 16 yaliyofanywa na Barak Rosenshine na Carla Meister mwaka 1994 yalithibitisha kwamba mbinu hii inasaidia, ingawa manufaa yalionekana zaidi katika majaribio yaliyotungwa na watafiti wenyewe kuliko katika mitihani sanifu, na ni haki msomaji ayajue yote mawili.

Pingamizi linalosikika mara kwa mara ni kwamba mbinu hizi haziwezekani katika darasa lenye wanafunzi 80 na vitabu vichache. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si kweli kwamba darasa kubwa linazuia kila kitu. Aya moja ikiandikwa ubaoni inatosha kwa kipindi kizima. Wanafunzi wanaoketi dawati moja tayari ni kikundi, na wakigeukiana kufupishiana aya hiyo kwa dakika tatu, wote hufanya kazi kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei kamwe pale mwanafunzi mmoja anapojibu na wengine kuitikia kwa pamoja. Kufupisha kwenyewe kuna faida ya moja kwa moja mtihanini: katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ufahamu na ufupisho kwa pamoja hubeba alama 30 kati ya 80.

Suala la lugha ya kufundishia haliwezi kuachwa pembeni. Nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha anapoingia sekondari vitabu vyote, isipokuwa vya Kiswahili na masomo machache, hubadilika kuwa vya Kiingereza mara moja. Kwa wengi, ule upande wa uelewa wa lugha katika mlinganyo wa Gough na Tunmer hushuka karibu na sifuri kwa siku moja, na wanafunzi waliokuwa wakielewa huanza kukariri. Mtaalamu wa Kanada Jim Cummins ameeleza tangu mwaka 1979 kwamba stadi za kusoma zilizokomaa katika lugha moja huhamia katika lugha nyingine mwanafunzi anapopata fursa ya kutosha ya kujifunza lugha hiyo ya pili. Maana yake ni kwamba mwalimu wa sekondari anayemruhusu mwanafunzi kujadili kifungu cha Kiingereza kwa Kiswahili kabla ya kukijibu hajavunja nidhamu ya masomo, bali anaitumia akiba ambayo mwanafunzi amekuja nayo.

Nyumbani, kazi iliyo na faida kubwa haigharimu fedha. Mtoto anayesimuliwa hadithi, anayetakiwa kuisimulia upya, anayeulizwa kwa nini Sungura alimdanganya Fisi na yeye angefanya nini, anajengewa ule uelewa wa lugha ambao kitabu kitauhitaji baadaye. Mzazi asiyejua kusoma naye ana nafasi: anaweza kumwomba mtoto amsomee tangazo la hospitali, barua ya shule au habari ya gazeti kisha amweleze kwa maneno yake mwenyewe, na akiona maelezo hayaeleweki, amwombe arudie. Kosa la kuepuka ni kumuuliza mtoto amesoma kurasa ngapi na kuishia hapo.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 53 ya watoto wa nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi, wafikapo umri wa miaka 10, kusoma na kuelewa habari rahisi. Kipimo hicho kilichaguliwa kwa kuwa masomo mengine yote, kuanzia sayansi hadi uraia, hupita katika mlango wa kusoma kwa kuelewa. Kwa sababu hiyo walimu wakuu na maofisa elimu wa kata wanaombwa kulitazama upya zoezi la ufahamu katika ratiba zao, ili katika kila vipindi viwili kimoja kiwe cha kufundisha, ambamo mwalimu atafikiri kwa sauti mbele ya wanafunzi na wanafunzi watapokezana kufupisha, kuuliza na kubashiri, bila alama na bila kalamu nyekundu.